Kuiingiza sauti ndani ya biti: mwongozo kwa anayerikodi chumbani

Kazi nyingi zinazotoka vyumbani Unguja na Pemba zina ugonjwa mmoja. Biti nzuri, mwimbaji anaijua kazi yake, lakini sauti imesimama kama mgeni mlangoni: hakuingia, hakuondoka. Ukiipandisha inapiga kelele juu ya ala, ukiishusha maneno hayasikiki. Hapo mkono hukimbilia plagini, yaani programu ndogo za kurekebisha sauti. Plagini zina wakati wake. Sauti isiyokaa aghalabu ina mambo matatu yaliyotangulia: ukuta wa chumba umeingia kwenye rikodi, maneno yanapanda na kushuka kupita kiasi, na biti haikuacha nafasi. Tutayachukua kwa mpangilio huo, maana kosa la mwanzo hukuzwa na kila hatua inayofuata. Kompresa, plagini ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo, haijui yupi mwimbaji na upi ukuta. Ikipandisha sauti ndogo, hupandisha vyote viwili.

CHUMBA

Simama pale utakapoimba, piga kofi moja kavu. Ukisikia mlio wa haraka unaotetemeka baada ya kofi, kuta mbili zinarushiana sauti, na mlio huo utaukuta chini ya kila neno. Chumba cha matofali ya saruji chenye bati juu na bila dari ndicho kigumu zaidi. Chumba cha Mji Mkongwe kina kuta nene zinazozuia kelele za njiani, lakini chokaa yake ni ngumu na dari iko juu, kwa hiyo mwangwi unakawia. Kisha kuna mambo ya boriti: upana wa vyumba hivyo ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na vingi vina mita 3 hivi. Chumba cha mita 3 huvimba karibu na Hz 58 (mitetemo 58 kwa sekunde) na tena karibu na Hz 116, na hii ya pili imo ndani kabisa ya sauti ya mwanamme. Mwenye nyumba ya udongo na makuti, ambayo watu huiona duni, ana studio bora kuliko wote hao: makuti hayarudishi sauti kama bati.

Usisimame katikati ya chumba wala pembeni kwenye kona. Theluthi ya urefu wa chumba panatosha. Maiki nyingi za kuimbia husikia mbele na huwa kiziwi nyuma, kwa hiyo zinachokitizama ni ukuta ulio nyuma ya mgongo wa mwimbaji. Hapo ndipo godoro linapotakiwa, siyo nyuma ya maiki kama wengi wanavyofanya. Godoro la sponji la inchi 6 lililosimamishwa wima, au mablanketi mawili mazito yaliyokunjwa mara mbili na kutundikwa sm 10 mbali na ukuta, yanabadilisha kazi nzima. Nafasi ile ya sm 10 usiidharau, ndiyo inayosaidia kumeza sauti za chini kidogo ambazo blanketi lililogusa ukuta haliziwezi.

Ukiwa na kitanda cha samadari, umepata zaidi ya nusu ya studio. Tupa mablanketi juu ya fremu ya chandarua na pande tatu, uache wazi upande wa miguu. Mwimbaji asimame hapo akikipa kitanda mgongo, maiki ikimtizama. Sauti inayompita inaingia kitandani na kubaki humo. Kwa chumba cha bati, tundika na blanketi moja juu ya kichwa.

Kanga na mashuka hayafai kwa kazi hii. Ni mepesi, yanameza trebo ya juu kabisa na kuacha sauti ya kati vilevile, matokeo yake ni sauti ya ndani ya kopo. Trei za mayai nazo ni hadithi tu.

Kelele sasa. Zima feni wakati wa kurikodi na uwashe baina ya mkondo mmoja wa kuimba na mwengine, joto la dakika nne halimuui mtu. Chomoa friji kama iko karibu, ila weka funguo zako au simu juu yake ili usisahau kuirudisha. Ukisikia mvumo mzito usiokoma, huo ni umeme, Hz 50 na ndugu yake wa Hz 100. Jaribu kuchomoa chaji ya kompyuta na kurikodi kwa betri, mara nyingi unakatika pale pale. Panga saa zako baina ya adhana, na wakati wa masika usitegemee bati kabisa: mvua ikianza, fanya kazi ya kuhariri. Kunguru hutulia jua likizama.

MAIKI

Shubiri moja kutoka mdomoni, yaani karibu sm 20. Ukikaribia chini ya sm 10 bezi ya sauti inavimba, ukienda mbali zaidi ya sm 30 chumba kinaanza kuimba na wewe. Mwimbaji akijua kurudi nyuma kidogo anapopaaza sauti, mwache afanye hivyo, lakini iwe vidole vinne, siyo hatua mbili.

Kichujio cha pumzi kiwe vidole vinne mbele ya maiki. Soksi ya nailoni iliyonyooshwa juu ya duara la waya inafanya kazi ileile. Kukijaribu usiseme "moja, mbili". Sema punda, pembe, na paa yule wa porini, siyo paa la nyumba. Kwa matamshi ya Kiunguja "p" za maneno haya hutoka na pumzi, na ndizo zinazopiga maiki kofi. Zikipiga, usisogeze mwimbaji. Ipandishe maiki usawa wa pua na uielekeze chini kidogo mdomoni, pumzi itapita chini yake.

Hewa yetu ni ya chumvi na unyevu. Maiki ya kondensa ikianza kupasuka-pasuka kama mafuta ya kikaango, imekula unyevu. Ihifadhi kwenye kontena la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika, na ukiitoa chumba cha kiyoyozi kwenda cha joto, isubiri nusu saa kabla ya kuiwasha. Kondensa inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti. Chumba kikiwa kibaya kupita dawa, maiki ya dainamiki kama Shure SM58 ikisogezwa sm 5 hadi 8 itakupa kazi safi kuliko kondensa ya bei mara tatu, kwa sababu haiusikii sana ukuta.

KURIKODI

Weka programu kwenye biti 24 (hapa ni kipimo cha faili la sauti, siyo biti ya muziki) na kHz 48. Mwambie mwimbaji aimbe kipande chenye nguvu kuliko vyote, kwa nguvu ile atakayoitumia kweli, kisha weka gaini (nguvu ya kuingiza sauti) hadi vilele vifike dB -10 kwenye mita, ambayo sifuri ndiyo mwisho wake. Wastani utakuwa karibu na dB -18. Kwenye mita itaonekana ndogo, na ndivyo inavyotakiwa. Sauti iliyogonga sifuri imekatika vichwa na haitibiki, na aghalabu hugonga kwenye kiitikio cha mwisho, pale mwimbaji alipokwisha kuchemka na hutoipata tena hali ile.

Hedifoni ziwe za kufunga masikio. Za wazi zinavujisha biti kwenye maiki, na kila utakapoipandisha sauti utakuwa unapandisha na milio ya "tsi tsi tsi" iliyochelewa. Kama mwimbaji anajisikia kwa kuchelewa, shusha bafa (akiba ya sauti inayosubiri ndani ya kompyuta) hadi sampuli 128 au 64, au tumia kitufe cha kujisikia moja kwa moja kwenye kadi. Anayejisikia kwa kuchelewa huimba nyuma ya biti, na hakuna plagini inayorudisha hilo kwa uzuri.

Chukua mikondo mitatu kamili ya sauti kiongozi, kisha miwili ya kuongeza uzito kwenye kiitikio.

MANENO KWANZA, PLAGINI BAADAYE

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoiweka sauti ndani ya biti kuliko nyengine zote.

Chagua mistari bora kutoka mikondo mitatu, iunganishe kwa mwingiliano mfupi wa milisekunde 5 hadi 10 ili isipige "tiki". Pumzi zishushe dB 6 hadi 10, usizifute. Mtu asiyevuta pumzi anatisha. Kisha pita neno kwa neno ukishusha yaliyoruka na kupandisha yaliyozama, kwenye faili lenyewe kabla ya plagini yoyote, hadi tofauti baina ya neno kubwa na dogo iwe dB 3 au 4. Wimbo wa dakika tatu utakula saa nzima. Ukimaliza, kompresa itakuwa na kazi ndogo tu, na chumba hakitovutwa juu.

Kiswahili kina mtego wake hapa. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na karibu kila silabi inaishia kwa vokali inayojaza masikio. Lakini maana iko mwanzoni: ni, si, ha, wa, u. Silabi hizo ni nyepesi, mwimbaji huzipita kwa haraka, na kiki (ngoma nzito) ya biti mara nyingi inaanguka juu yake. "Sikupendi" ikipoteza "si" inabaki "kupendi". "Hatukuachana" ikipoteza "ha" ni "tukuachana", na msikilizaji anabaki kujiuliza wameachana au vipi. Tizama mwanzo wa kila kitenzi na uipandishe silabi ya kwanza dB 2 au 3 popote inapozama. Ukifanya hivyo utagundua kwamba sauti nzima haikuhitaji kupandishwa: ulichokuwa unakikosa si ukubwa, ni silabi.

Kwa sababu hiyohiyo usitumie geti (plagini inayofunga sauti ikiwa ndogo) kuondoa kelele za chumba. Geti hufunguka likisikia nguvu, na "ha" haina nguvu. Litaimeza. Kata kimya kwa mkono baina ya mistari.

IKWALAIZA NA KOMPRESA

Ikwalaiza hupandisha au kushusha sehemu moja ya sauti: chini, kati au juu. Anza na kukata chini: Hz 80 hadi 90 kwa mwanamme, Hz 110 hadi 120 kwa mwanamke, mteremko wa dB 12 kwa oktavu. Kisha tafuta uvimbe wa chumba baina ya Hz 250 na 450 na upunguze dB 2 hadi 4 kwa mkunjo mpana. Ukihitaji kupunguza dB 8, tatizo si ikwalaiza. Rudi kwenye godoro. Sauti ya puani hukaa Hz 800 hadi 1,000, dB 1 au 2 zinatosha. Maneno yakikosa makali, ongeza dB 1 au 2 karibu na kHz 3 hadi 4. Juu ya kHz 10 kuwa mwangalifu: kondensa za bei nafuu nyingi tayari zimeongezwa trebo kiwandani.

Tumia kompresa mbili ndogo badala ya moja kubwa. Ya kwanza ni ya kukamata vilele: uwiano wa 4 kwa 1, ataki (muda wa kukamata) milisekunde 2 au 3, rilisi (muda wa kuachia) milisekunde 50 hadi 60, ishushe dB 3 tu na kwa maneno makubwa pekee. Ya pili ni ya kutuliza: uwiano wa 2 kwa 1, ataki milisekunde 25, rilisi 150 hadi 200, ishushe dB 2 hadi 4 muda mwingi. Kila moja ukishaiweka, izime na uiwashe kwa ukubwa uleule wa sauti. Wengi huipenda kompresa kwa sababu tu imeongeza kelele.

Baada ya hapo dieza, plagini ya kupunguza mlio mkali, kwa "s", "sh", "ch" na "z". Mwanamme mara nyingi kHz 5 hadi 6, mwanamke kHz 6 hadi 8. Ishushe dB 3 hadi 5. Ukizidisha, "siri" itakuwa "thiri" na "zawadi" itakuwa "dhawadi". Kwetu hayo si matamshi ya mzaha tu, ni herufi nyengine kabisa.

BITI IPISHE

Biti iliyoteremshwa mtandaoni imekwisha kubanwa hadi ukutani. Kabla ya kugusa sauti, ishushe dB 8. Ndiyo, nane. Spika unaweza kuziongeza. Watu hupambana wiki nzima kuipandisha sauti juu ya biti iliyogonga sifuri, wakati kilichotakiwa ni kuishusha biti mara moja. Mwenye biti akikubali kukupa vipande vilivyotenganishwa, chukua, hata kwa kuongeza pesa kidogo. Faili la WAV daima kuliko MP3.

Ukiwa na faili moja tu, weka ikwalaiza inayoweza kugusa katikati peke yake na kuacha pembeni. Punguza katikati dB 2 kwa mkunjo mpana karibu na kHz 2.5, hapo ndipo maneno yanapokaa. Kilichoko pembeni hakitoguswa na biti haitopoteza upana. Vizuri zaidi ni ikwalaiza inayoendeshwa na sauti kwa njia ya sidecheni: mwimbaji akiimba, biti inashuka dB 2 hapo, akinyamaza, inarudi. Ukisikia biti ikipumua, umezidisha.

Kwenye taarabu na kasida za ala mambo ni mengine. Fidla na ganuni mara nyingi hufuata mwendo wa noti uleule anaouimba mwimbaji, kisha humjibu mwisho wa mstari. Usizikate makali yake kwa ikwalaiza moja ya wimbo mzima. Zishushe kwa mkono dB 1.5 anapoimba, zirudishe zinapojibu. Kompresa iwe ya 2 kwa 1 tu, kwa sababu mapambo ya koo yanaishi kwenye kupanda na kushuka. Na kirekebisha sauti kiweke mbali: baadhi ya noti za Rast na Bayati (mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu) ziko baina ya vibonyezo vya piano, na programu iliyowekwa noti 12 itazivuta kwenye kibonyezo cha karibu na kuifanya kasida ya msomaji mzuri isikike kama ya anayejifunza.

MWANGWI

Rivabu, yaani mwangwi wa plagini, uitume kwenye njia yake ya pembeni, siyo juu ya sauti yenyewe. Chagua aina ya sahani ("plate"), sekunde 1.2 hadi 1.6, na ucheleweshe mwanzo wake milisekunde 30 ili neno litoke kwanza, mwangwi ufuate. Kwenye njia hiyohiyo kata chini ya Hz 300 na juu ya kHz 8. Kasida inabeba hadi sekunde 2 au zaidi kidogo. Zenji Flava ya haraka, muziki wa vijana wa Zanzibar, haibebi.

Dilei, inayorudia neno baada ya muda, hukaa vizuri kuliko rivabu kwa sauti iliyorikodiwa chumbani, kwa sababu chumba tayari kina mwangwi wake na ukiongeza mwengine juu yake unapata tope. Gawa 60,000 kwa mapigo ya dakika moja: biti ya 100 ni milisekunde 600, nusu yake 300. Tumia nusu, irudie mara moja au mbili, ipunguze trebo. Ipandishe hadi uisikie, kisha ishushe dB 3. Ukiizima ukahisi kitu kimeondoka, lakini ukiiwasha huioni, hapo ndipo.

SIKILIZA VIBAYA

Spika nzuri zinadanganya. Weka wimbo katika mono (kushoto na kulia vikiwa kitu kimoja) na usikilize kwa sauti ndogo kiasi cha kuweza kuongea na mtu juu yake. Kisha kwenye simu, spika ya chini, sm 50 kutoka sikioni. Halafu ucheze chumbani, funga mlango, nenda ukakae barazani. Ukisikia mwimbaji na kiki tu, sauti iko juu. Ukisikia wimbo lakini hujui anamsema nani, iko chini, au silabi za mwanzo bado zimezama. Rudi kwenye hatua ile kabla ya kugusa feda (kitelezi cha ukubwa wa sauti). Mpe na mtu asiyeyajua maneno aandike ubeti mmoja kwa kusikia. Atakapokosea ndipo pa kurekebisha.

Fanya hayo kesho yake asubuhi, siyo usiku uleule. Masikio yaliyokaa na hedifoni kwa muda wa saa tano hupenda trebo nyingi.

Unapotoa kazi, toa faili tatu: moja ulivyoipenda, moja sauti ikiwa juu dB 1, moja biti peke yake kwa ajili ya jukwaani. WAV biti 24, kilele cha kweli kisizidi dB -1. Spotify na YouTube hushusha nyimbo zilizobanwa sana, Spotify ikilenga LUFS -14 hivi (kipimo cha ukubwa wa wastani wa wimbo), kwa hiyo usiibane ili ipige kelele. Na ukimtumia mwimbaji kwa WhatsApp aidhinishe, itume kama dokumenti, la sivyo huenda akasikia faili lililobanwa na kukurudishia malalamiko ya trebo ambayo hukuifanya wewe.